Tinti ya ndege ya kujijengea: msisome karatasi, pimeni kioo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kuwaonya wanaojijengea ndege ndogo na sasa wanataka kuzibandika tinti kama za magari. Jua linachoma chini ya kanopi, kile kifuniko angavu kilicho juu ya rubani, hilo hatubishi. Lakini siku ndege hiyo ikichelewa kutua, giza la Ikweta halisubiri mtu: jua likishazama, mwanga wa jioni unabaki dakika 20 na ushei tu.

Huko Marekani, mwenye ndege ya kujijengea akitaka kuruka usiku, masharti ya ndege yake humpeleka kwenye kanuni ya usafiri wa anga namba 91.205. Humo zimo taa za mabawa, taa ya kuzuia kugongana, chanzo cha umeme cha kutosha na fyuzi za akiba. Tinti haimo, na hapo ndipo wengi hudai kwamba hakuna kikomo. Kikomo cha kufuata ni kile cha ndege za kiwandani, kifungu cha zamani cha 23.775: kioo cha mbele, na vya pembeni vilivyo mbele ya mgongo wa rubani, vipitishe nuru isiyopungua asilimia 70. Ndege ya kujijengea haibanwi nacho, lakini jicho la rubani ni lilelile.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu. Karatasi ya tinti iliyoandikwa 70, yaani inayopitisha asilimia 70 ya nuru, haikupi 70. Akriliki safi ya milimita 3, ile plastiki angavu ya kutengenezea kanopi, hupitisha kama asilimia 92. Zidisha kwa 0.70 unabaki na 64, umeshavuka mpaka. Karatasi ya 80 inakupa 73 na kitu. Ile ya 35 inayopendwa kwenye magari inakuacha na 32. Na hiyo ni nuru inayopiga kioo wima! Kioo cha mbele cha ndege kimelala. Nuru ikikipiga kwa mshazari wa nyuzi 70 kutoka pigo hilo la wima, sehemu kubwa inaruka nje kwa kuakisiwa, na inayoingia inasafiri njia ndefu zaidi ndani ya rangi. Kanopi yenye asilimia 70 ukiitazama wima, kwa mshazari huo inashuka hadi karibu 50.

Rangi nayo ina neno. Tinti ya kijani au buluu hula nyekundu, na nyekundu ndiyo taa ya bawa la kushoto la ndege mwenzako, ndiyo pia taa za kando ya njia ya kutua zinazokuambia uko chini mno. Ukilazimika, chukua kijivu. Karatasi zenye metali, zinazoakisi kama kioo cha kujitazamia, tunazikataa kabisa: usiku ndani ndiko kwenye mwanga, kwa hiyo kioo kinakuonyesha dashibodi yako badala ya uwanja, na antena ya GPS iliyo ndani inaweza kupoteza mawimbi.

Halafu kuna fundi wa tinti za magari, ambaye kazi yake ni kioo cha kweli. Wembe wake unachuna akriliki, dawa yenye amonia inaitia nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na bunduki ya joto inaipinda. Mchana nyufa hizo huzioni; usiku kila moja inawaka pale taa za uwanja zinapokupiga usoni. Akriliki pia hutoa gesi kidogo kidogo, ndiyo maana karatasi huota malengelenge. Ukitaka kuibandua, dawa ya kuyeyusha gundi inamalizia uharibifu.

Kivuli cha kitambaa juu ya kichwa, cha kuvutwa na kurudishwa, pamoja na kofia na miwani, vinatosha. Miwani jioni unaivua; tinti huivui.

Anayeng'ang'ania tinti aipime kabla ya kubandika. Weka kipima mwanga chini ya taa isiyoyumba, soma, kisha funika kwa kipande cha akriliki chenye karatasi yake. Ikitoka 400 ikawa 290, hiyo ni asilimia 72 na nusu. Kisha, ndege ikiwa imeegeshwa, kaa ndani gizani nusu saa bila simu, kanopi wazi, utafute nyota hafifu upande wa mbele, chini karibu na upeo. Funga kanopi taratibu bila kusogeza kichwa. Nyota ikipotea, ndege hiyo ni ya mchana.

Mafundi wawili wa ndege ndogo,
Nairobi