Barua kwa mwanangu: Yunnan hupandwa ngazi kwa ngazi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako imefika na ratiba yenu nimeisoma mara mbili. Mko wanne, likizo ya baridi inaanza katikati ya Januari, na mmepanga kutoka Wuhan kwa ndege mpaka Shangri-La, kule jimbo la Yunnan kusini-magharibi mwa China, kisha mteremke Lijiang, Dali, mmalizie Kunming. Miji mmeichagua vizuri. Mpangilio ndio umekaa kichwa chini miguu juu.

Tazama vimo. Wuhan iko bondeni, kwenye mto. Kunming ni kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Dali inakaribia 2,000, karibu sawa na Njombe. Lijiang ni 2,400. Shangri-La inapita 3,200, juu zaidi ya vibanda vya Mandara pale Kilimanjaro, ambavyo mpandaji hufika kwa miguu siku ya kwanza. Ninyi mnataka kushushwa na ndege huko na kulala usiku huohuo. Kichwa kitawagonga, chakula hakitapita, usingizi hautakuja, na siku mbili za kwanza mtaziangalia kupitia dirisha la chumba. Lile neno la waongoza watalii wa Kilimanjaro, pole pole, linafaa na huku.

Igeuzeni ratiba. Kunming usiku mmoja, Dali mitatu, Lijiang minne. Shangri-La iacheni, maana Januari usiku huko maji huganda, na siku tisa hazitoshi kwa kila kitu. Kama mmoja wenu ataing'ang'ania, iwe mwisho kabisa. Tangu Novemba 2023 kuna treni kutoka Lijiang inayofika kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi.

Kabla ya lolote, ulizaneni jambo ambalo vijana huona haya kuulizana: nani ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Mwenye ugonjwa wenyewe asipande milima hiyo bila daktari wake kumruhusu. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaumwa, akifika juu sana hewa ikawa nyepesi anaweza kuumia bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Akiyasikia ateremke saa ileile na kwenda hospitali. Vitabu vya safari vya Wazungu na vya Wachina havilitaji sana jambo hili kwa sababu haliwahusu sana. Sisi linatuhusu. Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani iitwayo acetazolamide. Kipimo cha kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aliyewahi kudhurika kwa dawa za salfa, au mwenye selimundu ya aina yoyote, asiimeze kabla ya kumwona daktari.

Sasa usafiri. Kunming hadi Dali ni treni ya saa mbili hivi, na Dali hadi Lijiang haizidi saa mbili. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na ninyi mtasafiri majira ambayo China nzima inarudi nyumbani kwa Mwaka Mpya wao. Ondokeni wiki ya kwanza ya likizo na mrudi kabla ya sikukuu. Mkichelewa, tiketi zitakwisha na bei za vyumba zitapanda maradufu. Majina kwenye programu ya tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa kuwa pasipoti ndiyo tiketi yenyewe. Geti la mashine likiikataa, msibishane nalo. Pembeni huwa kuna geti lenye mhudumu. Kitambulisho cha chuo pia msikisahau, sehemu nyingi za kutembelea humtoza mwanafunzi nusu.

Mkumbuke pia kwamba China nzima inafuata saa ya Beijing, ilhali Yunnan iko mbali magharibi. Lijiang mwezi wa Januari jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Aliyezoea kuamka na jua atakosa treni.

Kunming msiipe muda mrefu, ila kuna mambo mawili. La kwanza ni shakwe. Tangu 1985, kila majira ya baridi ndege hawa wenye midomo myekundu hushuka kutoka Siberia kwa maelfu na kujaa Ziwa Dian na bustani ya Ziwa la Kijani katikati ya mji. La pili liko kusini mwa Ziwa Dian, mji wa Kunyang. Hapo ndipo alipozaliwa Zheng He mwaka 1371, mtoto wa Kiislamu wa kabila la Wahui, aliyekuja kuongoza misafara saba ya merikebu kati ya 1405 na 1433. Merikebu zake zilifika pwani yetu, na Malindi ilipeleka twiga China. Kumbukumbu yake ipo hukohuko Kunyang, bustanini. Mtu wa pwani akipita Kunming bila kufika, ni hasara.

Dali ndiyo sehemu ya kutulia. Jihadhari na jina: stesheni ya Dali iko Xiaguan, mji mpya wa maghorofa, na mji wa kale uko kama kilomita 15 kaskazini yake. Watu huchukua chumba "Dali, karibu na stesheni", halafu wanashangaa mbona hakuna ukuta wala malango. Mkitafuta chumba, hakikisheni anwani inasema mji wa kale, 大理古城. Piga simu uulize mambo mawili: wanapokea pasipoti za kigeni? Chumba kina blanketi la umeme? Nyumba nyingi za huko hazina mfumo wa kupasha joto. Mchana mtavua makoti, usiku mtatetemeka.

Mji umekaa kati ya Mlima Cangshan wenye vilele 19, kimojawapo kikifika mita 4,122, na Ziwa Erhai. Siku ya kwanza tembeeni mjini na mwone Pagoda Tatu, minara ya kale ya Wabudha. Kubwa yao ina mita 69 na ilijengwa karne ya 9, na matetemeko yameipita ikiwa imesimama. Siku ya pili pandeni Cangshan kwa magari ya kebo, yale yanayoning'inia kwenye waya, mpaka njia iitwayo Yudai, kwenye mita 2,600 hivi. Njia hiyo imekatwa ubavuni mwa mlima, karibu tambarare, na inapita kwenye makorongo ya vijito. Tembeeni saa tatu nne, mshuke kulala chini. Mwili ukitembezwa juu na kulazwa chini, unajifunza hewa nyepesi bila kuadhibiwa. Hiyo ndiyo maana ya kuipa Dali siku tatu.

Siku ya tatu ni ya ziwa. Kuzunguka Erhai lote ni zaidi ya kilomita 120. Msilijaribu kwa baiskeli siku moja, na skuta ya umeme ya kukodi hupungukiwa chaji njiani. Kando ya maji upande wa magharibi kuna njia iliyotengwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Tumieni hiyo. Ila fikirini upepo. Xiaguan inajulikana China nzima kwa upepo wake: mwisho wa Cangshan pana mwanya, upepo unabanwa pale na kutokea ziwani kwa nguvu, na kuanzia mchana unazidi. Kwa hiyo asubuhi, miguu ikiwa na nguvu, nendeni upande wa kusini mkiukabili. Jioni mrudi ukiwasukuma mgongoni. Wanaofanya kinyume chake ndio mnaowakuta wanakokota baiskeli saa kumi na moja jioni. Mkiona maji ni safi, si kwa bahati. Mwaka 2017 serikali ya huko ilifunga nyumba za wageni na mikahawa mingi ya ukingoni kwa sababu maji machafu yalikuwa yanalisha mwani.

Xizhou, kijiji cha kabila la Wabai kaskazini mwa mji, kina majumba ya kale na mkate wa moto uitwao, usicheke, baba. Mtamu sana, lakini mara nyingi huokwa kwa mafuta ya nguruwe, hata ule wa sukari. Kwa chakula kwa jumla tafuteni maandishi 清真, yaani halali, juu ya mlango. Wahui wapo Yunnan tangu enzi za Wamongolia na supu zao za tambi kwa nyama ya ng'ombe ni nzuri. Kwingineko ulizeni mafuta, si nyama tu.

Lijiang wengi huisema vibaya, kwamba imekuwa duka moja kubwa lenye muziki. Mitaa ya katikati usiku ndivyo ilivyo, sitawadanganya. Lakini amkeni mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, mtaona kwa nini UNESCO iliuandikisha mji huu mwaka 1997, karibu miaka miwili baada ya tetemeko kubwa la Februari 1996. Hauna ukuta. Uti wake wa mgongo ni maji: yanatoka chemchemi za Bwawa la Joka Jeusi, yanagawanyika mifereji mitatu na kupita mbele ya milango. Visima vyake vina matundu matatu yanayofuatana. La kwanza ni la kunywa, la pili la kuoshea mboga, la tatu la kufulia. Mkipotea, na mtapotea, fuateni maji kwa kuyapanda, mtatokea kwenye magurudumu ya maji upande wa kaskazini. Teksi haiingii, na mawe ya njia huvunja magurudumu ya masanduku, basi bebeni mabegi ya mgongoni. Nyumba nyingi ni za mbao. Dukezong, mji wa kale wa Shangri-La, uliungua sehemu kubwa Januari 2014, na magari ya zimamoto hayakuweza kupenya vichochoro. Kwa hiyo msianike soksi juu ya hita.

Sasa mlima ulio karibu na Lijiang, Joka la Jeidi, mita 5,596. Gari kubwa la kebo linaanzia mita 3,356 na kuwafikisha 4,506 kwa muda usiofika robo saa. Kutoka hapo kuna ngazi za mbao hadi 4,680. Fikiri: hiyo inapita kilele cha Mlima Meru, ambacho watu hukipanda siku tatu nne. Wekeni siku hii iwe ya tatu Lijiang, si ya kwanza. Nafasi huagizwa mapema kwa pasipoti na huisha. Upepo ukizidi gari hufungwa, na Januari upepo upo, kwa hiyo bakizeni siku moja ya akiba. Juu tembeeni hatua thelathini, simama, vuta pumzi. Vile vikopo vya oksijeni vinavyouzwa chini huisha kwa dakika chache. Vinatuliza moyo tu. Anayetapika, anayeyumba kama mlevi, au anayehema akiwa amekaa, dawa yake ni kushuka, na asishuke peke yake. Pakeni mafuta ya kuzuia jua na ya midomo. Ngozi yetu nayo huungua penye theluji. Chini ya mlima kuna mabwawa ya buluu ya Lanyuegu, yametengenezwa kwa kuzuia mto, rangi yake inatokana na madini ya chokaa. Mazuri hata hivyo.

Mkipewa safari ya siku moja kwa bei ya chini kuliko kiingilio, fahamuni kwamba tofauti italipwa kwenye duka la fedha na jeidi mtakalofungiwa saa mbili.

Ziwa Lugu ni kama saa nne kwa gari kutoka Lijiang, na haliingii kwenye siku tisa zenu. Mkiongeza siku mbili, liendeeni, ila wale Wamosuo wa huko, ambao ukoo wao hufuata mama, msiwaulize maswali ya ndoa kama mnahoji maonyesho.

Ukishakata tiketi nitumie namba za treni na majina ya nyumba mtakazolala, yaandike kwa Kichina pia. Mama yako anauliza kama lile sweta zito bado linakutosha au akushonee jingine kabla ya mizigo kuondoka.

Baba yako