Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: mhadhiri wa idara mbili ni wa nani?

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili za ndani zilipita idara moja hadi nyingine na kurudi kwangu na mihuri tu.

Nimeajiriwa chini ya idara mbili, ya historia na ya fasihi, na nafundisha kozi inayochanganya historia, fasihi na sheria. Wiki ya tatu huwa tunasoma kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1783. Wenye meli ya watumwa iitwayo Zong walidai bima kwa ajili ya Waafrika zaidi ya 130 ambao mabaharia waliwatupa baharini mwaka 1781. Mwanafunzi wa sheria huisoma kama mgogoro wa mkataba. Wa historia huuliza ni nani aliyeandika hesabu ile, na kwa faida ya nani. Muhula uliopita binti mmoja wa fasihi, aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza, alinyoosha mkono akasema: mbona kwenye karatasi zote hizi hakuna jina hata moja la mtu aliyetupwa? Darasa likanyamaza. Sijui idara moja ingemfikishaje pale peke yake.

Sasa njoo kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Ina kisanduku kimoja kilichoandikwa “Fani”. Niliandika mbili, nikarudishiwa. Wanahistoria walisema makala zangu zimo kwenye majarida ya fasihi. Watu wa fasihi wakasema hii ni kazi ya nyaraka, wapelekewe wanahistoria. Mzigo wa kufundisha nao kila idara huuhesabu nusu, ila vikao vya idara zote mbili natakiwa nihudhurie vizima. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mimi sikupanda, nilipandishwa, tena kwa barua yenye muhuri wa chuo.

Usidhani ni tatizo la kwetu tu. Kituo cha utafiti wa utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham kilianzishwa mwaka 1964, na chini ya mkurugenzi wake Stuart Hall kazi zake zilisomwa duniani kote. Idara iliyokirithi ilifungwa mwaka 2002, baada ya kupata alama za chini kuliko ilivyotarajiwa katika tathmini ya utafiti ya 2001. Sisemi tathmini ndiyo sababu pekee. Nasema umaarufu wa kazi haukuiokoa.

Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu linataka tupimwe na wenzetu wa taaluma. Sawa kabisa. Lakini wenzangu ni akina nani? Hilo ndilo swali ambalo barua ya ajira ingelijibu siku ya kwanza: nani atanipima, kila idara ina sauti kiasi gani, na walau mtathmini mmoja wa nje awe mtu ambaye mwenyewe anafundisha kwa kuvuka mipaka hiyo. Kuliandika hakuhitaji bajeti. Linahitaji ukurasa mmoja na saini yako.

Wanaoumia zaidi ni vijana wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Tangazo la kazi huwaambia tunakaribisha taaluma mtambuka, kwenye usaili swali la kwanza ni, “Kwani wewe hasa ni mwanahistoria au mtu wa fasihi?” Kama kamati haitaki watu wa aina hiyo, basi neno hilo litolewe kwenye matangazo. Angalau watu wataokoa nauli.

Msaidizi wangu anaomba nafasi iliyotangazwa wiki jana. Amenijia na fomu ileile, kisanduku kilekile, akaniuliza aandike nini. Nimemwambia asubiri jibu lako. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa idara mbili