Barua kwa mwanangu: McCarthy abaki

Mwanangu,

Hujambo baba? Hapa Brooklyn Park tu wazima, ila baridi imetukomesha. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini usiku, wakati wa mapumziko. Unataka Vikings, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapa Minnesota, wamfukuze J.J. McCarthy, kwotabeki wao (yule mrusha mpira anayeongoza timu), hata kesho. Sam Darnold, kwotabeki wetu wa kabla yake, amebeba Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na Seattle na sisi ndio tuliomwachilia, tena huko Madison unakosoma mashabiki wa Green Bay, mahasimu wetu, hawakuachi ule kwa amani. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu huniachi nimalize sentensi.

Tuanze na huyo Darnold, ndiye anayekuuma. Mwaka 2024 alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 10, watu wakimwita mabaki ya Jets, timu yake ya kwanza. Akaongoza timu kushinda mechi 14 kati ya 17. Kisha tukapoteza mbili vibaya: Detroit 31-9, halafu Rams wa Los Angeles 27-9 kwenye mtoano. Hiyo ya Rams ilihamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, na Darnold aliangushwa mara 9 akiwa na mpira mkononi. Mara 9! Hakuna aliyeuliza wale watano wa kumkinga walikuwa wapi. Na nani aliandika kwenye grupu la familia, kabla hata mechi haijaisha, kwamba huyu aende zake? Meseji bado ninayo.

Basi akaenda. Seattle wakampa miaka 3 na dola milioni 100.5. Lakini hebu nikuulize, Darnold alifanya maajabu gani kwenye fainali? Alitulia, hakumpa adui mpira wa bure, na ulinzi wa Seattle ukamsumbua yule kijana kwotabeki wa New England jioni nzima. Kwotabeki aliyekuwa hafai, akiwekwa nyuma ya watu wanaojua kazi yao, akawa bingwa. Nawe kutokana na hilo unaniambia tumtimue mwingine kwa haraka ileile?

Sikatai, McCarthy alinipandisha presha. Mechi 10 alizoanza msimu wa 2025, pasi zake zilizonaswa na adui zilikuwa nyingi kuliko za tachidauni, yaani za kufunga. Anarusha mpira kwa nguvu kama anayefukuza mbwa, hata kwa mwenzake aliye hatua tano mbele yake. Na Justin Jefferson, mpokeaji ambaye timu yoyote ingemlilia, anazunguka uwanjani mikono mitupu. Hayo ni makosa yake, simtetei.

Ila kumbuka ilivyokuwa. Alichaguliwa wa 10 mwaka 2024 kwenye drafti, pale timu zinapochagua chipukizi, goti likaharibika kabla ya msimu, akakaa nje mwaka mzima. Aliporudi 2025, mechi ya kwanza Chicago, tuliingia robo ya nne tukiwa nyuma 17-6, akatutoa tukashinda 27-24. Wiki iliyofuata, kifundo cha mguu. Baadaye mtikisiko wa ubongo baada ya kipigo cha Green Bay, halafu mkono. Ryan Kelly, aliyeletwa kucheza katikati ya ile safu ya kumkinga, naye aliumia kichwa na kukosekana wiki nyingi. Kijana aliyekuwa na miaka 22 msimu huo, hajawahi kucheza mwezi mmoja akiwa mzima na watu walewale mbele yake, halafu tunasema tumeshamjua.

Unataka kujua timu bila yeye inafananaje? Rudi Novemba 2025, Seattle walitupiga 26-0. Max Brosmer, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, aliwekwa mbele ya simba. Kuna ule mchezo wa jaribio la nne, ndilo la mwisho, imebaki yadi moja tu. Brosmer amebanwa, anadondoka, na badala ya kukubali kuanguka akautupa mpira hovyo. Ernest Jones akaudaka na kukimbia nao zaidi ya yadi 80 hadi mwisho wa uwanja. Mzee mmoja ninayemhudumia pale kazini, ambaye huvaa jezi ya zambarau ya Vikings kila Jumapili, alizima televisheni mwenyewe akaomba uji. Jefferson alipata yadi 4 mchana kutwa. Wiki iliyofuata McCarthy akarudi, Washington wakala 31-0.

Na hao wa Green Bay wanaokucheka, waulize kwotabeki wao Jordan Love alikaa benchi miaka mingapi nyuma ya Aaron Rodgers. Mitatu. Na Rodgers mwenyewe nyuma ya Brett Favre? Mitatu vilevile. Love alipopewa timu 2023 walianza na ushindi 3 katika mechi 9, na wao walipiga kelele kama wewe. Januari wakawachapa Dallas 48-32 hukohuko Dallas.

Pesa nayo ihesabu, wewe si ndiye unayesomea biashara? McCarthy mkataba wake ni kama dola milioni 22 kwa miaka 4. Kwa bei hiyo unaweza kununua watu wazima wa kumkinga, na mkongwe mmoja wa kumpa ushindani kambini. Huyo mkongwe wamlete hata leo, sina neno. Akimshinda kihalali, acheze yeye.

Ila nikimwona McCarthy Novemba hii ana miguu mizima, safu imekamilika mbele yake, Jefferson yuko wazi na mpira bado unampita juu ya kichwa, hapo nitakupigia mwenyewe niseme aende. Kabla ya hapo, hapana. Na hao wa Madison waambie mama yako anakuja Aprili, nitaongea nao.

Mama yako