Washi, jina lako lilianza kama boma la mtu

Washi ndugu yangu,

Habari za Kisumu, mama watoto hajambo? Sisi huku Mombasa tuko salama, ni joto tu limezidi.

Ile voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Ati Akinyi ameambiwa na mwalimu aandike maana ya majina yake yote, Akinyi ikawa rahisi, mtoto wa asubuhi, alafu akafika kwa Washington, jina lako, akakuuliza baba na hili je, wewe ukamwambia ni mji wa Marekani, akakuangalia tu akafunga kitabu. Hapo aliponyamaza ndipo paliniuma. Hilo jina ni kubwa kwa umri kuliko Marekani yenyewe na mtoto analiandika kwa kila daftari, si haki akose kulijua.

Mji ulipewa jina 1791 kwa heshima ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hiyo unajua. Lakini George naye alilitoa wapi? Kwa kijiji. Kiko kaskazini mashariki mwa Uingereza, kati ya Newcastle na Sunderland, na kinaitwa Washington mpaka leo, ingawa sasa kimekuwa mji. Ukilivunja jina, ni Kiingereza cha kale kabisa: inasemekana kulikuwa na mtu akiitwa Hwassa, na lile neno la mwisho, tun, lilikuwa ni boma, shamba na nyumba zimezungushiwa ua. Yaani boma la watu wa Hwassa. Kwenu mngesema dala. Na hiyo tun ndiyo ilikuja kukua ikawa hii hii tunayosema leo naenda taoni, na ndiyo iko mwishoni mwa Newton, Clinton, Middleton, wote hao ni majina ya mahali kabla hayajawa ya watu. Newton ni boma jipya tu, basi.

Sasa jina la boma linageukaje la mtu? Zamani Waingereza walikuwa na jina moja moja tu. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuteka nchi 1066 mambo ya ardhi, urithi na kodi yakawa mengi, na kila kona kuna William, sasa ni William yupi? Ndio wakaanza kusema William wa mahali fulani. Kuna mmoja aliitwa William de Hertburn, yaani wa Hertburn, na kwenye kitabu cha mali za askofu wa Durham cha 1183 imeandikwa kwamba ameshika Wessyngton, ndivyo walivyoandika wakati huo, kwa kubadilishana na Hertburn yake, na kwamba anamlipa askofu na kwenda na mbwa kwenye msako wake mkuu. Kuhama tu hivyo, na jina likahama, akawa William de Wessyngton! Ungekuta leo unaitwa Hertburn Washi, na ule mji pia. Mimi hapo nilisimamisha kusoma nikatoka nje kwanza.

Na kuna kitu nimekipenda zaidi. Jina la mahali halina kazi ukiwa mahali penyewe, isipokuwa wewe ndiye mwenye ardhi. Mtu wa Lamu akiwa Lamu nani atamwita Mlamu, ataitwa hivyo akishuka hapa Mombasa. Hata kina Shirazi wa pwani, jina linasema Shiraz, na Shiraz iko mbali huko Uajemi. Kwa hivyo wengi wenye majina haya ni watoto wa watu waliotoka, na jina ndilo lililobaki kusema walitoka wapi.

Kina Washington wakatawanyika, mmoja akanunua shamba la Sulgrave, huko huko Uingereza, 1539 wakati mfalme Henry VIII anauza mali za watawa, na mjukuu wa vizazi vya mbele, John, akavuka bahari kwenda Virginia miaka ya 1650. Huyo ndiye babu mkuu wa George.

Nisikufiche, George alikuwa na watumwa. Alipofariki 1799 walikuwa 317 pale shambani kwake Mount Vernon, 123 ndio wake kisheria na aliandika kwa wosia waachwe huru, wengi wa waliobaki walikuwa mali ya ukoo wa mume wa kwanza wa mkewe, hao wosia haukuwafikia. Hiyo inaniuma na sitaki umfiche Akinyi.

Lakini mwambie na hii. Sensa ya Marekani ya 2000 ilihesabu watu 163,036 wa jina hilo, na asilimia 90 ni watu weusi. Sio kwamba wote wazee wao walikuwa wa George, wengi walilichukua wenyewe walipopata uhuru. Booker T. Washington, yule mwalimu na kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi, alizaliwa utumwani 1856 akiwa Booker tu, uhuru ukaja, siku ya kwanza shuleni mwalimu anaita majina akasikia kila mtoto ana mawili au zaidi, yeye anakaribia kuitwa hana la pili, na ilipofika zamu yake akasema kwa utulivu kabisa, Booker Washington. Hakuna aliyempa! Mtoto mdogo, darasani, na daftari la mwalimu liko wazi, kama Akinyi tu. Washi nilipofika hapo machozi yalinitoka.

Basi asiandike mji wa Marekani. Aandike boma la watu wa Hwassa, alafu kama nafasi ipo amweke na Booker.

Na kitu kimoja naomba. Uliwahi kuniambia mzee wako, Mungu amrehemu, alilipenda jina hilo tangu zile ndege za Tom Mboya, mwanasiasa wetu, za kupeleka wanafunzi Marekani 1959, lakini hukuwahi kumuuliza zaidi. Mama bado yuko Bondo na anakumbuka vizuri. Mpigie wikendi hii, mweke Akinyi kwa simu amuulize mwenyewe, alafu uniandikie alichosema, yote, usinikatie.

Wako,
Salim