Gitaa la umeme kwa bajeti ya wastani: anza na shingo, si na rangi

Wateja wengi wanaoingia katika karakana yetu hapa Lubumbashi wakitafuta gitaa la kwanza la umeme huuliza jina la kampuni kabla ya jambo jingine lolote, kisha huuliza kama ipo rangi nyekundu. Hatuwalaumu, kwa sababu jina la kampuni lina maana yake na rangi ni haki ya mnunuzi. Hata hivyo, majibu ya maswali hayo hayatamwambia mtu kama gitaa litashika sauti tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, wala kama vidole vyake vitaweza kupanda hadi juu bila kuumia. Kwa mtu aliyetenga kati ya dola 200 na 350, na ambaye hana uwezo wa kununua mara mbili, sisi tunaanzia kwenye shingo.

Katika jiji hili tunapata kiangazi kikali, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, na hewa hukauka kiasi kwamba hata milango ya nyumba inayokwama wakati wa mvua hufunguka yenyewe. Mbao za gitaa nazo hukauka na kusinyaa, lakini freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya shingo, havisinyai. Mwezi wa nane mwaka mmoja dada wa kwaya alituletea gitaa alilonunua wakati wa mvua, akidhani kwamba limeharibika, kwa kuwa kila alipotelezesha mkono kuelekea chini kitu kilimkwaruza. Tulipolishika tuliona ncha za freti zimejitokeza pande zote mbili za shingo, karibu unene wa ukucha, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa na michubuko midogo iliyopangana kama meno ya kitana. Kazi ya kuzipiga tupa ncha hizo ilituchukua asubuhi moja. Gitaa lilikuwa zima. Lilikuwa limetengenezwa haraka tu, na mbao zake hazikukaushwa vya kutosha kabla ya kukatwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulichomeka gitaa popote, pitisha kiganja taratibu kwenye kingo zote mbili za shingo, kutoka kwenye kichwa cha gitaa hadi inapoungana na mwili. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Nafasi hiyo inapaswa kutosha karatasi mbili hivi za daftari. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo imepinda kwa nyuma. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi. Hali zote mbili hurekebishwa kwa ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo, ambao huzungushwa robo mzunguko tu kwa wakati mmoja, kisha shingo huachwa itulie. Lakini ufito ukiwa hauzunguki, au kichwa chake kimeliwa na ufunguo usio wake, liache gitaa hilo hata kama muuzaji anapunguza bei mbele yako.

Baada ya hapo, piga kila uzi ukiwa wazi, kisha uubonyeze kwenye freti ya 12: noti inapaswa kuwa ileile, oktava moja juu. Tunasisitiza kipimo hiki kwa sababu mpiga solo wa muziki wetu, seben inapoanza, yaani ile sehemu ya wimbo ambayo magitaa huongoza na watu hucheza, huishi juu ya freti hiyo, na gitaa linalosikika safi kwenye noti za chini lakini likapotoka kwenye noti za juu litamwaibisha mbele ya watu. Tofauti ndogo hurekebishwa kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikwa juu ya mwili wa gitaa, kwa kusogeza vile vipande vinavyobeba nyuzi. Mpiga akompa, anayeshikilia mdundo, anaweza kuvumilia kosa dogo la noti za juu, lakini mpiga solo na mpiga mi-solo, anayepiga kati ya hao wawili, hawawezi. Wanaopiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo wa Katanga ambao Mwenda Jean Bosco aliupiga katika sahani alizorekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, waangalie pia upana wa shingo kwenye kizingiti, yaani kile kipande chenye mifuo ya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, kwani chini ya milimita 42 nyuzi hubanana.

Kuhusu mikro, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zile za koili moja hutoa sauti angavu inayofaa seben, ila hunasa mvumo wa umeme. Zile za koili mbili, ambazo Seth Lover alizibuni katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, huua mvumo huo na kutoa sauti nzito zaidi. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, waya wa ardhi ndani ya gitaa umeungwa. Ukiongezeka, kuna kazi ya kufanya.

Kwa majina, Yamaha Pacifica 112 ndiyo tunayoipendekeza mara nyingi katika bajeti hii, kwa sababu ina mikro mbili za koili moja na moja ya koili mbili, na hivyo humtosha mtu anayepiga kanisani Jumapili na kwenye harusi Jumamosi. Squier ni chaguo jema pia. Epiphone za umbo la Les Paul zina urefu wa uzi wa milimita 628 badala ya 648, hivyo nyuzi zake ni laini zaidi kwa vidole, ingawa mwili ni mzito begani. Magitaa yenye daraja linaloelea na kufuli za nyuzi hatumshauri anayeanza, kwa kuwa uzi mmoja ukikatika nyingine zote hupoteza sauti.

Usimalize pesa zote kwenye gitaa. Likichomekwa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa hutoa sauti nyembamba, hivyo utahitaji ampli ndogo au angalau kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa na miksa ipasavyo. Ukinunua ampli iliyotumika, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa: zilizotoka Japani zinataka volti 100, za Marekani volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 220. Tumepokea zaidi ya moja zilizoungua dakika ileile zilipowashwa nyumbani.

Kila gitaa tunalouza hutoka hapa likiwa na nyuzi mpya, na shingo na daraja vimepimwa. Tunamwomba mteja alirudishe baada ya wiki mbili, kwa sababu nyuzi zikishakaa shingo husogea kidogo, na marekebisho hayo ya pili hatuyatozi. Anayenunua wakati wa mvua alilete tena mwezi wa saba, tuziangalie ncha za freti.