Heri ikageuka jiwe: risala ya klabu yetu ya breli kwa mgeni wa heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo nyote.

Kabla sijaenda mbali, mkiona uso wangu uko kwenu na karatasi iko huku chini kwa meza msidhani nimekariri, nasoma, ni vile tu huku kwetu kusoma ni kazi ya kidole, breli ni maandishi ya wasioona ya nukta zilizoinuka. Leo hii baridi ya Nairobi imeniua vidole ganzi kidogo kwa hivyo nikikwama mahali nivumilieni, na yule rafiki yangu aliyenipa maandazi saa nne tutaongea baadaye, mafuta na breli haviendani kabisa.

Mheshimiwa, mwalimu mlezi wa klabu alituambia risala iwe fupi, tuseme tunafanya nini halafu tuombe. Tutaomba, usijali. Lakini tukaona tukikuomba karatasi tu hivi hivi utafikiri ni zile za fotokopi, kwa hivyo wacha kwanza tukuonyeshe zinaenda wapi.

Hapo mbele yako kuna kadi yenye mistari miwili. Mstari wa juu umeandikwa "karibu". Pitisha kidole cha shahada polepole, usibonyeze, ukibonyeza nukta zinapotea, pitisha tu kama mtu anapangusa vumbi. Sasa fikiria ile pakiti ya mayai sita ya supamaketi, isimamishe, mayai mawili kwa upana na matatu kwenda chini. Upande wa kushoto kutoka juu ni nukta ya 1, 2 na 3, upande wa kulia ni 4, 5 na 6. Kila herufi ni pakiti moja, tofauti ni mayai gani yako na gani yameliwa. Hiyo K umeanza nayo ni nukta 1 na 3, A inayofuata ni nukta 1 peke yake, R ni 1, 2, 3 na 5, I ni 2 na 4, B ni 1 na 2, U ni 1, 3 na 6. Umesoma breli mheshimiwa, hongera, mpigieni makofi.

Watu hutuuliza kama tunajua "lugha ya breli", na mimi huwa naudhika kidogo, breli si lugha, ni mwandiko. Hiki ni Kiswahili kile kile chako, kimevaa nukta tu. Na hakuna haja ya kukariri herufi zote moja moja kama namba za simu. A mpaka J zinatumia nukta nne za juu pekee. Ukizichukua hizo kumi ukaongeza nukta 3 kwa kila moja unapata K mpaka T. Zile tano za kwanza, A mpaka E, ukiziongeza 3 na 6 unapata U, V, X, Y, Z. Na hizo hizo kumi za kwanza ukitanguliza alama ya namba, ambayo ni 3, 4, 5 na 6, zinageuka tarakimu, A inakuwa 1, B inakuwa 2, J ndiyo sifuri. Kwa hivyo 2010 sisi tunaandika alama ya namba kisha B J A J.

Mmesikia nimeruka W? Aliyetunga mfumo huu alikuwa Mfaransa, na wakati huo Kifaransa hakikuwa na haja na W, ikaja kupachikwa baadaye, nje ya mpango. Sasa imagine sisi wa Kiswahili, watu, wali, mwalimu, kwa, wewe, W iko kila mahali, halafu ndiyo hiyo haifuati sheria.

Hiyo W iliniponza mimi mwenyewe. Nilipokuwa darasa la nne sikuwa na mashine ya kuandikia breli, tulitumia sileti, yaani kibao chenye vidirisha vidogo vya mistari, na stailasi, ambayo ni kama msumari mfupi wenye kishikio cha mbao. Karatasi inabanwa katikati, unatoboa ukisukuma nukta ziende chini, ukimaliza unaitoa unaigeuza ndiyo usome upande ule zilitokea. Maana yake unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaiandika kinyume, kama uko ndani ya kioo. Nikaandika kadi ya mama, neno moja tu, "heri", nilikumbuka kuanzia kulia lakini nikasahau kugeuza herufi zenyewe. Sasa H ikigeuzwa inakuwa J, E inakuwa I, R inakuwa ile W yetu, I inakuwa E. Mwalimu akapitisha kidole akanyamaza, kisha akaniuliza, "Unampelekea mama jiwe?" Darasa zima likacheka mpaka kengele. Jaribuni nyumbani, heri inatoka jiwe kabisa, hata herufi moja haipotei.

Huyo Mfaransa anaitwa Louis Braille, alizaliwa mwaka 1809 kijiji cha Coupvray. Babake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, mtoto akiwa na miaka mitatu akachezea chuma cha kutobolea ngozi, kama kile cha fundi wa viatu, kikamdunga jicho moja na ugonjwa ukahamia la pili. Baadaye akiwa shule ya wasioona huko Paris alikutana na mfumo wa Charles Barbier uliokuwa na nukta 12. Ulikuwa na shida mbili. Moja, nukta 12 hazitoshei chini ya ncha ya kidole, lazima uhamehame ndani ya alama moja. Mbili, na hii ndiyo mimi naipenda zaidi, uliandika sauti tu, haukuwa na tahajia. Louis akapunguza zikawa sita, akaweka herufi kamili. Alikuwa na miaka 15.

Nasema naipenda hiyo ya pili kwa sababu kila siku tunaambiwa breli imepitwa, si siku hizi kuna simu inaongea? Kweli iko, na mimi naitumia sana, kwa meseji haina mpinzani. Lakini sikio halioni herufi. Kuna mmoja wetu amesoma kwa kusikiliza miaka miwili, akaandika insha ikawa na "zambi" na "zarau", akaandika "ngombe" bila ile alama juu, yeye hivyo ndivyo alivyosikia. Na hesabu za mabano na sehemu mtu azisikilize tu azishike zote kichwani? Hapana jameni.

Sasa maombi. Kwanza karatasi. Ya breli ni nzito kama kadi, ile ya kawaida nukta hulala baada ya kusomwa mara chache. Kitabu chenu kimoja kwetu huwa ni mabuku matatu manne makubwa, na hayapendi kulaliwa. Muhula uliopita nilipanda matatu na buku la historia, makanga akachukua begi akaweka nyuma, juu yake kukawekwa gunia la viazi, kufika shule sura nzima imekuwa laini kama karatasi ya mandazi. Kwa hivyo tukiomba karatasi tunaomba pia rafu, vitabu visimame.

Pili mashine. Tunazo sita za Perkins, ni vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na kirefu cha nafasi katikati, unabonyeza herufi nzima kwa mpigo mmoja na nukta zinatokea juu, hakuna mambo ya jiwe. Tatu zimekufa. Moja haitoi nukta 5, ukiandika E inatoka A. Hazihitaji kutupwa, zinahitaji fundi anayezijua na vipuri.

Tatu, haihitaji hela. Katiba ya 2010 ibara ya 54 inatupa haki ya kutumia breli, lakini kwa mikutano bado tunapewa ajenda iliyochapishwa kawaida halafu tunaambiwa tumwombe jirani. Pale unapokaa kwenye kamati mheshimiwa, uulize tu nakala ya breli iko wapi.

Nimefika mwisho wa karatasi. Ule mstari wa pili kwa kadi yako hatukuambii umeandikwa nini, utaufanyia kazi wakati wa chakula, kando yako atakaa mtoto wa darasa la tano ana vidole vikali kuliko sisi wote, atakusaidia. Ila nawa mikono kwanza, kuna pilau.