DVR ya Zamani: Badilisha Diski Kabla ya Kununua Mashine Mpya

Gunia la korosho likipotea ghalani Jumatatu na upungufu ukaonekana Jumanne ya wiki inayofuata, DVR (mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi) yenye diski ya GB 500 haitakusaidia kitu. Hesabu ni hii: kamera moja inayorekodi megabiti 2 kwa sekunde hula GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86 na ushee. Kabla siku ya sita haijaisha diski imejaa, na mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Ukiweka TB 1 unapata siku 11, TB 2 siku 23. Kwa ghala la Masasi au Nachingwea linalosubiri mnada, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Lakini usikimbilie diski kubwa kuliko zote. DVR nyingi za zamani hukomea takriban TB 2, kwa kuwa hesabu yake ya kupanga nafasi kwenye diski haivuki hapo. Ukiipachika TB 4, huenda isiione kabisa, au ionyeshe sehemu tu. Soma kibandiko cha chini au kitabu chake kwanza. Kama ndani kuna waya mpana bapa badala ya waya mwembamba wa SATA (waya wa data wa diski za sasa), mashine hiyo ni ya kizazi cha nyuma mno. Hapo hatushauri kuitilia pesa.

Aina ya diski nayo ina uzito. DVR huandika mchana na usiku bila kupumzika, kazi ambayo diski ya kawaida ya kompyuta haikutengenezewa. Chukua ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta chakavu ni rahisi leo, ila mara nyingi inakufa kimyakimya, na utajua siku unayotafuta picha.

Kosa linalowasumbua watu zaidi ni adapta. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Adapta ya 12V 2A iliyochoka, tena inayolisha na kamera, haiwezi. Dalili zake: DVR inajizima na kujiwasha, diski inatoa mlio wa tik-tik, au inaonekana kwenye menyu kisha inapotea. Wengi hurudisha diski wakidhani ni mbovu. Weka adapta ya 12V 4A kwa ajili ya DVR peke yake. Kamera zipate yake.

Kabla ya kufungua, hakikisha una nywila ya msimamizi, maana mafundi wengine huondoka nayo, na bila nywila huwezi kufomati, yaani kuiandaa diski mpya ipokee picha. Picha unazozihitaji zihamishie kwenye flashi. Zima kupitia menyu, chomoa umeme, subiri dakika moja. Fungua mfuniko kwa bisibisi ya nyota, chomoa waya wa data na wa umeme, kisha geuza mashine ulegeze skrubu nne zinazoshika diski kwa chini. Pachika mpya, kaza skrubu zote nne ili isitetemeke, rudisha nyaya.

Ukiwa umeshafungua, angalia kutu kwenye viunganishi. Hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani na Lindi mjini hula shaba. Ukiona ukijani, badilisha waya wa SATA. Puliza vumbi kwenye feni. Kama saa ya DVR hurudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha pia betri yake ya kidonge, aghalabu CR2032, kwa sababu picha yenye tarehe ya uongo ni ushahidi dhaifu.

Washa, ingia kwenye menyu ya diski, fomati, kisha ruhusu kuandika juu ya picha za zamani; usiporuhusu, diski ikijaa kurekodi kunakoma. Kesho yake cheza picha za saa 8 usiku, kamera moja moja.

Diski ya zamani usiifomati. Andika juu yake tarehe uliyoitoa, uifungie mahali pakavu. Ukiichomeka kwenye kompyuta na Windows ikakuomba kuifomati, kataa: DVR nyingi hutumia mpangilio ambao kompyuta haiusomi, na picha bado zimo.

Ukituletea mashine, ije na adapta yake, maus na nywila.